Farasi Ndiye Mwenye Uwanja

Mtu aliyekulia Muheza, Morogoro au Machakos hahitaji kufundishwa maana ya kibao cha HAKUNA NJIA. Anajua pia kwamba mara nyingi nyuma ya kibao hicho njia ipo, imekanyagwa mpaka imeng'aa, na watoto wa shule wanaipita kila asubuhi wakiwa na viatu mkononi. Mwenye shamba amesema lake, wapitaji wamesema lao, na ugomvi utaamuliwa na seng'enge, mbwa, mwenyekiti wa kitongoji, au upande mmoja kuchoka.

Uingereza nako ugomvi huu upo, na umri wake ni karne nyingi. Ila huko, katika vijiji vingi, kati ya mwenye ardhi na mpita njia amesimama mnyama wa kilo 500 ambaye hakuna aliyemuuliza anaonaje. Nimeishi England, na nimefanya kazi ya kuzoa mavi na kugawa majani makavu kwenye mabanda ya farasi ya watu, nikazisikia pande zote mbili zikilalamika. Wenye farasi wanataka polisi waitwe. Wapita njia wanataka waachwe wapumzike na mbwa wao. Naona wote wanaanzia pasipo. Wa kufikiriwa kwanza katika uwanja ule ni farasi, maana ndiye peke yake asiyeweza kufungua geti akaondoka zake.

Nieleze kwanza hali ilivyo, kwa sababu wengi wetu tukisikia farasi wa Uingereza tunawaza wafalme na mashindano ya mbio. Farasi wengi wa huko ni wa watu wa kawaida kabisa: nesi, fundi bomba, mwalimu, msichana wa sekondari ambaye mama yake amejinyima. Watu hao hawana ardhi. Wanakodi kipande cha malisho pembezoni mwa kijiji na kulipa kwa mwezi, wanakuja alfajiri kabla ya kazi na tena jioni. Kutwa nzima farasi wako peke yao, nyuma ya uzio wa mbao au utepe mweupe wa umeme, na katikati ya malisho hayo mara nyingi inakatiza njia ya miguu ya umma.

Njia hizo ni urithi ambao Waingereza wanauonea fahari, na wana haki ya kuuonea. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia ambazo kila mtu ana haki ya kuzipita hata kama ardhi ni ya mtu binafsi. Kisheria njia ya miguu ni barabara sawa na barabara ya lami: ardhi ikiuzwa mara kumi, njia inabaki. Mwenye ardhi akiweka kibao cha uongo cha kuwafukuza watu kwenye njia ya umma, yeye ndiye mkosaji, chini ya sheria ya mwaka 1949 iliyoanzisha pia hifadhi za taifa. Kwa hiyo mtu anayekatiza malisho akiifuata njia hajavamia chochote. Anakuwa mvamizi pale anapoiacha njia akatembea hatua ishirini kwenda kumpapasa farasi shingoni, au anapoingia kwenye uwanja usio na njia kabisa kwa sababu ameona mtoto wa farasi na anataka picha.

Hapo ndipo wengi wetu tunashangaa. Kwetu kuingia kwenye ardhi ya mtu kunaweza kukufikisha kituoni. Tanzania kosa la kuingia kwa jinai limo kwenye Kanuni ya Adhabu, na Kenya ina sheria nzima ya uvamizi wa ardhi, Sura ya 294, ambayo ni ya jinai. England, kwa kawaida, kuingia tu kwenye shamba la mtu si kosa la jinai. Ni madai ya kawaida kati ya mtu na mtu. Mwenye ardhi anaweza kukuambia uondoke, ukigoma anaweza kukutoa kwa nguvu ya kiasi, na anaweza kukushtaki mahakamani akidai fidia. Kama hukuharibu kitu, fidia yenyewe itakuwa ndogo kuliko nauli ya wakili wake. Vile vibao vya zamani vinavyotisha kwamba wavamizi watafunguliwa mashtaka, wanasheria wa huko wamezoea kuviita uongo wa ubao. Hata mwaka 1932, mamia ya vijana wa viwandani walipopanda mlima wa Kinder Scout kwa makusudi kuvunja amri ya wenye ardhi, waliofungwa hawakufungwa kwa kuvamia. Walifungwa kwa makosa ya ghasia na kupigana na walinzi.

Sheria imeongeza makosa ya jinai hapa na pale tangu hapo. Ipo sheria ya mwaka 1994 dhidi ya anayeingia kwa nia ya kuvuruga shughuli halali, na ya mwaka 2022 inayowabana wanaoweka makazi na magari yao kwenye ardhi isiyo yao. Lakini mama anayeingia malishoni na mjukuu wake na mfuko wa karoti hahusiki na hizo. Mwenye farasi akipiga simu polisi ataambiwa hilo ni suala la madai. Anakata simu akiwa amekasirika zaidi kuliko alivyokuwa kabla ya kupiga.

Hasira hiyo naielewa, na nataka msomaji aielewe pia, maana bila hivyo mwenye farasi anaonekana mchoyo tu.

Mwili wa farasi una kasoro moja kubwa: hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake umekaza kiasi kwamba kilichoingia hakirudi. Tumbo lenyewe ni dogo ukilinganisha na mwili, limeumbwa kupokea majani kidogo kidogo mchana na usiku. Kinachomdhuru binadamu akakitema, kwa farasi kinaendelea na safari kwenye utumbo wa mita nyingi wenye kona nyembamba, na kinaweza kukwama, kuchacha, kutoa gesi. Ndiyo maana msokoto wa tumbo, ugonjwa ambao kwa mtu ni usiku mbaya na vidonge viwili, kwa farasi unaweza kuwa kifo kabla hakujakucha.

Sasa fikiria anayepita na apple. Amelitoa zima, au amekata karoti vipande vya mviringo kama vya saladi. Kipande cha mviringo ndicho hasa kinachoziba umio. Niliona farasi jike mzee aliyekabwa hivyo. Alikuwa amesimama shingo imenyooshwa mbele na chini, misuli ya koo ikipanda na kushuka, na puani kulikuwa kunatoka ute wa kijani uliochanganyika na povu, unaning'inia mpaka karibu na nyasi. Hakuwa akipiga kelele. Farasi mwenye maumivu makali mara nyingi hapigi kelele. Hewa alikuwa anapata, kwa sababu kilichoziba ni njia ya chakula. Hatari ni kwamba ule ute ukiingia mapafuni unaleta homa ya mapafu. Daktari wa mifugo alikuja akamdunga dawa ya kumtuliza, akapitisha mpira mrefu puani hadi kooni, akasukuma maji taratibu kwa pampu mpaka kilichokwama kikalegea. Bili ilikuwa ya mtu mwingine. Aliyempa kile chakula alishafika nyumbani, pengine na furaha ya kweli moyoni. Ametenda wema akaenda zake.

Wapo wanaoleta nyasi zilizokatwa na mashine ya bustanini, gunia zima, wakidhani wanamwokolea farasi kazi ya kujikatia. Nyasi zile zimeshaanza kupata joto ndani ya gunia. Farasi anazimeza bila kutafuna vya kutosha, zinachachia tumboni, na zaidi ya msokoto zinaweza kumletea ugonjwa wa kwato, ambapo tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato zinavimba na kulegea. Wakati mwingine mfupa unageuka ndani kwa ndani. Farasi wa hivyo hutembea kama anayekanyaga makaa, na wengine hawaponi. Wapo majirani wanaotupa juu ya uzio matawi waliyopunguza kwenye ua wa nyumba, wasijue kwamba mti wa yew, unaopandwa sana huko makaburini na bustanini, ni sumu inayoua farasi kwa kiasi kidogo sana. Na farasi wengine, hasa wadogo wanene wa milimani, wako kwenye mlo wa kupimwa kwa amri ya daktari. Wanaonekana wana njaa na wanamsogelea kila mtu. Mwenye huruma anaona uwanja uliokwisha majani anasema mnyama huyu anateswa, kumbe uwanja umeachwa hivyo ili apone.

Pia kuna hatari kwa anayeingia. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia, na hizo ndizo sehemu mbili ambazo mgeni hupenda kumwendea. Ukiwa na chakula katikati ya farasi watano, hawatagombana na wewe. Watagombana wenyewe kwa wenyewe, kwa mateke, na wewe uko katikati. Farasi jike mwenye mtoto mchanga malishoni anaweza kumkimbiza mtu asiyemjua kabisa. Wazazi wanaomwinua mtoto na kumkalisha juu ya farasi wasiyemfahamu, asiye na hatamu, ili wapige picha, wanafanya jambo ambalo mtu mwenye uzoefu wa miaka thelathini hathubutu.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko ulipowafungia watu nyumbani na kuruhusu matembezi tu, vijiji vilijaa watu ambao hawakuwahi kuvikanyaga. Wengi walikuwa watu wema waliochoshwa na kuta. Vilio vya wenye farasi viliongezeka, na mwaka 2021 kanuni rasmi ya maadili ya mashambani, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1951, ilifanyiwa marekebisho na kusema wazi kwamba watu wasilishe mifugo wala farasi kwa sababu kunaweza kuwadhuru. Ni maneno mazuri. Tatizo ni kwamba anayehitaji kuyasoma hajui kwamba yapo.

Kuhusu mbwa sitakuwa na maneno ya upole. Sheria ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa inawahesabu farasi pamoja na ng'ombe na kondoo, na mbwa akiwakimbiza kwenye ardhi ya kilimo mwenye mbwa ana kosa la jinai, awe ameumwa mnyama au la. Hapa polisi wana kazi yao, na mwenye farasi asione haya kuwaita. Farasi anayekimbizwa hafikirii uzio. Anaupitia. Anayesema mbwa wake anacheza tu ajue kwamba farasi hajui mchezo huo. Mamilioni ya miaka ya kukimbia wanyama wenye meno yamemfundisha jambo moja, naye analitii.

Ama kuhusu hofu ya wageni wabaya, wezi na wakataji, nina neno refu zaidi, kwa sababu hapo ndipo nionapo hasira ya haki ikigeuka kitu kingine.

Ipo hofu ya kweli. Farasi huibwa, vifaa vyao huibwa zaidi, na mara moja moja mnyama hukutwa na majeraha ya kisu. Lakini ipo na hofu inayojizalisha. Kila baada ya miaka kadhaa unasikia vijijini kwamba wezi wanasuka singa za farasi usiku ili kuwatia alama watakaoibwa. Singa za farasi mwenye nywele nyingi, zikipigwa na upepo na mvua na kusuguliwa kwenye nguzo, hujisokota zenyewe mpaka ukadhani ni mkono wa mtu, na anayezihangaikia kwa brashi kila asubuhi analijua hilo. Hata hivyo uvumi ukishaanza, kikundi cha WhatsApp cha kijiji kinajaa picha za magari yasiyofahamika na watu wasiofahamika. Na asiyefahamika, katika kijiji cha England, mara nyingi ni mtu anayefanana na mimi na wewe.

Waingereza wenyewe wana kisa kinachopaswa kuwatosha. Mwaka 1903, katika kijiji cha Great Wyrley, Staffordshire, mtu alikuwa akiingia malishoni usiku na kuwapasua matumbo farasi, ng'ombe na kondoo. Kijiji kilitaka jina. Jina walilolipata lilikuwa la George Edalji, wakili kijana, mtoto wa mchungaji wa parokia hiyo. Baba yake alikuwa Mparsi aliyezaliwa Bombay, mama yake Mwingereza. Familia ilikuwa imeshatumiwa barua za matusi zisizo na jina kwa miaka. Mwezi Agosti farasi mdogo wa mgodi wa makaa alikutwa amechanwa, Edalji akakamatwa, na Oktoba akahukumiwa miaka saba. Aliachiwa mwaka 1906 baada ya kutumikia mitatu, bila kusafishwa jina na bila ruhusa ya kufanya kazi yake. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, alipokutana naye alimwona akisoma gazeti akiwa amelishika karibu kabisa na uso. Macho yake yalikuwa dhaifu kiasi kwamba kumwazia akikatiza mashamba, reli na vichaka usiku wa giza kwenda kumchana mnyama ni jambo lisiloingia akilini. Doyle aliandika kwenye Daily Telegraph Januari 1907, na Mei mwaka huo Edalji alisamehewa kuhusu ukatili ule, ingawa hakulipwa hata senti. Kisa hicho kilichangia kuundwa kwa mahakama ya rufaa za jinai mwaka huo huo.

Ninapowasikia wenye farasi wakidai bunge lifanye kila uvamizi kuwa jinai, namkumbuka Edalji. Polisi wa kijijini hawatakuwapo saa ile mama wa karoti anapopita. Watakuja baadaye, watauliza nani alionekana, na mtaa utawapa jina ulilokuwa nalo tangu zamani. Waingereza walipokuja kututawala walituachia sheria kali za uvamizi, zilizowafaa walowezi, huku kwao wenyewe wakibaki na utaratibu wa madai. Walijua wanachojihifadhia. Sioni kwa nini leo wajiletee ya kwetu.

Tena sheria hiyo isingemwokoa farasi hata mmoja. Ingemwadhibu mtu baada ya umio kuziba.

Kinachomwokoa ni mambo madogo yenye gharama ndogo, na la kwanza ni uzio wa pili. Malisho yakiwa na njia ya umma katikati, weka utepe wa umeme pande zote za njia, au angalau upande wa farasi, uache upana wa kutosha watu wawili kupishana na mbwa wao. Kwa hatua hiyo moja mpita njia na farasi wanaacha kukutana. Utashangaa ni wenye farasi wangapi hawafanyi hivyo kwa sababu watapoteza kipande cha majani, kisha wanatumia jioni nzima kugombana na watu. Usizibe njia yenyewe kwa umeme, kwa sababu hapo umekosa wewe. Geti la kwenye uwanja usio na njia lifungwe kwa kufuli pande zote mbili, upande wa komeo na upande wa bawaba, au pini ya bawaba ya juu igeuzwe iangalie chini, ili mtu asilinyanyue geti zima likatoka. Hilo linafanywa kwa dakika chache na spana. Farasi awekewe chipu ya utambulisho, kama sheria ya England inavyotaka kwa farasi wote tangu Oktoba 2020, na namba ya chipu ihifadhiwe mahali ambapo mwenyewe anaipata haraka.

Farasi mkali asiwekwe kwenye uwanja wenye njia. Hilo halina mjadala. Sheria ya wanyama ya mwaka 1971 inamkinga kiasi mwenye mnyama dhidi ya aliyevamia, lakini anayefuata njia ya umma si mvamizi, na hata kwa mvamizi ipo sheria ya mwaka 1984 inayomtaka mwenye eneo awe na uangalifu kwa hatari anayoijua. Na kuna kesi inayowakosesha usingizi wenye farasi wote wanaoijua. Usiku mmoja wa Agosti 1996, huko Devon, farasi waliokuwa malishoni walishtushwa na kitu ambacho hakikujulikana mpaka leo, wakapita uzio wa umeme na uzio wa mbao, wakaingia barabara kuu ya A380, na dereva akaumia vibaya. Wenye farasi hawakuonekana kuwa wazembe. Mwaka 2003 House of Lords, iliyokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba wanawajibika hata hivyo, kwa sababu waliwajua farasi kuwa wakishtuka wanakimbia hivyo. Ukisoma hukumu hiyo utaelewa kwa nini geti lililoachwa wazi na mpita njia mmoja linamtetemesha mtu. Utaelewa pia kwa nini bima ya dhima kwa wengine si anasa.

Halafu kibao. Nimesoma vibao vingi, na vingi vimeandikwa na mtu aliyekuwa amekasirika jioni hiyo. Vinaamuru, vinatisha, vinaapa. Kibao kizuri nilichowahi kuona kilikuwa na picha ya farasi mwenyewe, jina lake, na maneno machache: nina ugonjwa wa kwato, apple moja linaweza kunilaza kwa wiki, tafadhali nisalimie tu. Watoto walikuwa wanasimama kukisoma kwa sauti. Mtu mwema akipewa sababu anaitii kuliko amri, na wengi wanaoingia malishoni ni watu wema wasiojua. Mbaya hasomi kibao cha aina yoyote.

Nawaomba wenye farasi wakumbuke pia kwamba wao wenyewe wanaishi kwa kukatiza ardhi za watu. Takriban moja ya tano tu ya njia za umma za England inaruhusu farasi, na chama chao kikubwa, British Horse Society, kinapigania usiku na mchana zaidi zifunguliwe na za kale zisifutwe. Mpanda farasi anayemwomba mkulima amruhusu apite pembeni mwa shayiri yake Jumamosi asubuhi hawezi, jioni ya Jumamosi hiyo hiyo, kumfokea mtembea kwa miguu kama mwizi. Scotland walilitazama jambo hili kwa upana zaidi. Sheria yao ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu, wa miguu na wa farasi, haki ya kupita sehemu kubwa ya nchi ilimradi ajiheshimu, na kanuni iliyofuata mwaka 2005 inaeleza kujiheshimu huko ni kufanya nini hasa. Matatizo hayakuisha huko, ila ugomvi unaanza na swali la umefanya nini badala ya una haki gani ya kuwa hapa. Farasi ananufaika na swali la kwanza.

Na sisi Waswahili tulioko huko, maana tuko wengi na wikendi tunapenda kuwatoa watoto nje ya miji, tuyajue haya. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, pengine ndiyo njia ya kwenda majini. Mbwa awe kambani. Usitoe chakula cha aina yoyote, hata mtoto akilia. Ukikutana na farasi njiani mpe nafasi, pita pembeni ya bega lake na umsemeshe ili ajue upo. Ukiwa umepotea njia na mwenye uwanja akaja kwa ukali, mwombe radhi, muulize njia iko wapi, na uondoke hapo hapo. Ramani za Ordnance Survey zinaionyesha, hata kwenye simu, na ukiwa nayo mkononi mazungumzo hubadilika haraka.

Lipo jambo moja ambalo wenye mabanda wengi hulipinga ninapolisema: namba ya simu kwenye kibao. Wanasema wezi wataitumia kujua nani hayupo. Mwizi wa farasi hakupigii simu, anakuja na trela saa nane usiku. Anayepiga ni yule mama wa karoti, ambaye sasa ameona farasi amejilaza na kujigeuza geuza, anatoka jasho, anaangalia ubavu wake, na hajui aite nani. Katika msokoto wa tumbo saa moja ni nyingi. Namba ibandikwe upande wa nje wa geti, kwa tarakimu kubwa, na ya pili chini yake kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza haipokelewi.